Siku Mbili za Wakesho

Mabuu ya trei ya nne yaligoma kukua siku ya Jumanne, na Kathini hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Katika maabara ile ya Voi, iliyojibanza nyuma ya duka la simiti upande wa barabara ya kwenda Mwatate, walikuwa watu watatu tu. Yeye mwenyewe alilisha nzi na kupima mabuu, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja. Rachel, mama wa Kidawida kutoka Wusi, juu kwenye milima ya Taita, alifagia na kuchemsha chai. Wa tatu alikuwa Daktari Hillary Maundu, na huyo ukimwambia jambo asilolijua, alikutazama kama umekanyaga mavi ya mbuzi ukaingia nayo sebuleni kwake.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mtu akifa, nzi wa kijani humfikia kabla ya jamaa zake. Hutaga mayai kwenye kona za macho, puani na mdomoni, tena mchana tu, maana nzi huyu hafanyi kazi gizani. Mayai huanguliwa, mabuu hukua, na hukua kwa joto: penye joto haraka, penye baridi polepole. Ukijua buu lina urefu gani, na mahali pale pana joto kiasi gani, unaweza kurudi nyuma saa kwa saa mpaka ufike saa ile nzi wa kwanza alipotua. Daktari Maundu alikuwa ameliandikia jambo hilo kanuni yake, mistari kumi na minne ya hesabu, akaitia kwenye fremu na kuitundika ukutani pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Mke wake alikuwa ameondoka zamani. Kanuni haikuondoka, kwa kuwa haikuwa na miguu.

Trei ya nne ilikuwa na kizazi cha mabuu yaliyotolewa kwenye maiti ya Wakesho. Huyu alikuwa mwanamke wa Wusi, jirani ya Rachel. Mwaka jana mwezi wa Julai, siku ya Alhamisi, mumewe Crispus, fundi wa mawe, alirudi nyumbani akamkuta amekufa jikoni, kisogo kimepasuka; wiki ile Rachel hakupanda nyumbani, alilala Voi. Madaktari waliochunguza maiti hospitalini walisema huenda alianguka kwenye jiwe la mlangoni, huenda alipigwa. Basi kila kitu kikabaki kwenye siku aliyokufa. Jumamosi na Jumapili Crispus alikuwa Chala kwenye matanga ya mjomba wake, watu hamsini wakimwona akichimba kaburi. Jumatatu alikuwa hapa Voi, peke yake, akilinda mjengo, bila hata paka wa kumshuhudia. Kama mkewe alikufa Jumamosi, basi alianguka. Kama alikufa Jumatatu, mnajua wenyewe jinsi polisi wanavyopenda njia ya mkato.

Daktari Maundu alisema Jumatatu, saa saba mchana.

Alisema hivyo bila kukanyaga Wusi. Alichukua joto la chombo kilichokuwa juu ya paa la maabara, nyuzi ishirini na nne, akalitia kwenye kanuni. Hata mtoto wa chekechea wa Taita anajua kwamba Julai watu wa Voi wanajipepea huku watu wa milimani wamevaa sweta mbili. Kathini alimwambia.

"Daktari, Wusi kuna baridi. Wacha niende nitundike kipimajoto pale jikoni siku tano. Si ndio utaratibu?"

"Kathini," akajibu bila kuinua macho, "hesabu haipandi milima. Wewe ni mkono wangu. Kichwa ninacho."

Kathini alipanda hata hivyo, siku zake za likizo, Rachel akimwonyesha njia. Kipimajoto kilikaa siku tano jikoni kwa marehemu na kusema nyuzi kumi na tisa. Chini ya nyuzi kumi mabuu hayakui kabisa, kwa hiyo kila saa ya Voi ingeyapa nyuzi kumi na nne za kukulia, na kila saa ya Wusi tisa tu. Kathini alipiga hesabu upya kwa kanuni ileile iliyokuwa kwenye fremu. Ikatoka Jumamosi. Aliiweka karatasi mezani kwa bosi wake. Bosi aliisoma, akacheka kwa pua, kisha akaweka kikombe cha chai juu yake.

Naye Kathini, tusimpake mafuta, alinyamaza. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na aliyeutia sahihi alikuwa Maundu. Crispus akakaa rumande miezi kumi na mitano, huku Kathini akiendelea kuwakatia nzi maini.

Kesi ilipokaribia, Oktoba ya mwaka huu, Daktari alitia sahihi nakala ya ripoti ya mahakamani. Ilikuwa Jumatatu. Kesho yake mabuu ya trei ya nne yakagoma. Hayakufa. Yaliinua vichwa tu, yote pamoja, yakabaki hivyo, urefu uleule asubuhi na jioni, ilhali ya trei ya tatu na ya tano, kwenye joto lilelile na maini ya ng'ombe huyohuyo, yalinenepa kama kawaida. Siku mbili kamili. Alhamisi yakaanza tena kula, kama kwamba siku hizo zilikuwa zimekatwa kwa mkasi.

Na Alhamisi hiyo, saa saba mchana, ndipo harufu ilipoanza. Maabara ya mabuu ina harufu zake, na Kathini alizijua zote kwa majina. Hii ilikuwa ya kitunguu kinachokaangwa, kisha ya kunde. Ilitoka stoo. Ndani ya stoo kulikuwa na chupa za spiriti na maboksi matupu, na hapakuwa na moto wala soketi ya umeme. Alifungua mlango, harufu ikamkabili usoni, ya moto kabisa, ya chakula cha mtu aliye na njaa, na palepale ikakoma.

Ijumaa kulikuwa na sauti. Mwiko ulikuwa unakwangua sufuria, maji yanamiminwa, kisha mtu anapepeta kitu kwenye ungo, sha, sha, sha. Rachel alikuwa akipiga deki koridoni. Alisimama, akatega sikio.

"Umesikia?" Kathini alinong'ona.

"Nimesikia. Nyamaza kwanza."

Ndani ya stoo sauti ya mwanamke ikaita, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu ambaye amekwisha kuita mara mbili na anaanza kuchoka: "Crispus! Njoo ule, kinapoa."

Rachel aliketi chini kwenye maji ya deki. "Ni Wakesho," akasema. "Nimemsikia akiita hivyo miaka tisa, ukuta kwa ukuta."

"Ni jini, Mama Rachel. Jini limemwiga sauti."

"Nyinyi watu wa Voi kila kitu mnaita jini. Jini la kununuliwa Mombasa lina mwenyewe na lina kazi. Huyu hakununuliwa, mwanangu. Huyu ameandikwa." Alishusha sauti zaidi, akitazama mlango wa ofisi ya Daktari. "Alikufa Jumamosi. Huyu bwana ameandika kwamba Jumapili alikuwa hai, na Jumatatu mpaka saa saba alikuwa hai. Amempa siku mbili ambazo hakuwa nazo. Sasa amekuja kuziishi, na ataziishi wapi kama si hapa zilipotengenezwa?"

"Na zikiisha?"

"Ndiyo sijui. Hana mwili wa kuziishia. Anapika tu, anaita tu. Mtu hawezi kumaliza siku bila mwili."

Na yote haya yalikuwa saa saba ya mchana, jua limewaka nje, muuza simiti akigombana na mteja upande wa pili wa ukuta.

Dawa Rachel aliijua, kwa kuwa ilikuwa dawa ya kwao. Wadawida wa zamani waliamini kwamba ubaya wa moyoni ndio unaoleta maafa, yaani hasira iliyofichwa au dharau iliyomezwa. Mwenye nao huchukua funda la maji au la maji ya miwa, akataja yaliyo moyoni mwake, kisha akayapuliza nje kwa kinywa ili moyo ubaki mweupe. Wanaita kutasa. Ni jambo rahisi, halina kuku wala ubani, na lina sharti moja tu.

"Usiteme uongo," Rachel alisema. "Ukitema na moyo umebaki umejaa, umefungua mlango na kusimama kando."

Jumatatu, siku mbili kabla ya mahakama, Kathini alipata ule ujasiri aliokuwa ameutafuta miezi kumi na mitano. Aliitoa karatasi yake ya zamani kwenye faili, akaingia ofisini. Rachel alimfuata na jagi la maji ya miwa. Ilikuwa inakaribia saa saba, na kitunguu kilikuwa kimeanza kunukia.

"Daktari, keshokutwa unaapa. Tafadhali badilisha hiyo siku. Mtu atafungwa maisha."

"Ati?"

"Na hiyo harufu unaisikia. Usiseme huisikii."

Maundu alivua miwani. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri, na alikuwa na sauti maalumu ya kuongea na watu waliosoma kidogo. "Ninasikia harufu ya chakula kutoka kwa majirani. Ninasikia pia wanawake wawili, mmoja wa diploma na mwingine wa ufagio, wakija kunifundisha kazi niliyoiandikia kitabu. Kathini, unajua tofauti yangu na yako? Mimi nikikosea, makosa yangu yanapitishwa na maprofesa watatu. Wewe ukipatia, hakuna anayejua. Huyo Crispus ni fundi wa mawe. Dunia haitapungukiwa na kuta."

Kisha akaliona jagi. "Na hicho ni nini?"

Rachel alimweleza. Alimweleza vizuri, kwa heshima, akimwita baba ingawa yeye Rachel ndiye aliyemzidi miaka kumi, na alilitaja lile sharti mara mbili. Maundu alisikiliza na uso wake ukachangamka, kwa kuwa hakuna kilichompendeza kama ujinga wa watu wengine. Alisimama. Alijimiminia kikombe, akajaza funda mashavuni, akainua mkono mmoja kama mhubiri wa barabarani. Akalipuliza lote kwenye leso aliyojifunga Rachel.

"Nimetema!" akasema, akicheka hata machozi yakamtoka. "Sina dharau na mtu! Sina dharau na fundi, wala na mkewe, wala na mabuu yake! Haya, ametoka?"

Kitunguu kilikoma. Stoo ilinyamaza. Kwenye maabara, nzi mia nne waliofugwa kwenye matundu ya wavu waliacha kuvuma kwa pamoja, jambo ambalo Kathini hakuwahi kulisikia tangu aajiriwe. Maundu alikohoa mara moja, kama aliyepaliwa. Akaketi kwenye kiti chake, kidevu kikamwangukia kifuani. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika tano.

Wakamtazama. Walihesabu pumzi zao wenyewe, maana zake hazikuwepo za kuhesabu.

Halafu akainuka. Aliinuka polepole, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayetoka kwenye kigoda cha jikoni. Akaitazama leso ya Rachel iliyolowa.

"Pole," akasema. "Asanteni."

Katika miaka kumi na mmoja Kathini hakuwahi kuyasikia maneno hayo mawili katika kinywa kile, na yalimtia hofu kuliko sauti ya stoo.

Jumanne Daktari alifika kazini mapema. Alikuwa amejipaka manukato mengi kama anayeficha jambo. Hakutoka jasho, ingawa joto la Oktoba lilikuwa limewafanya hata mbwa wa Voi walale kwenye mitaro. Hakunywa chai. Na nzi, wale wa kwenye matundu ambao kwa kawaida hutua popote, walijipanga wote upande mmoja wa wavu, upande wa ofisi yake, wakimtazama kupitia ukuta kama waumini wanaosubiri ibada ianze, na alipopita koridoni kwenda msalani, kama alikwenda msalani, walihama naye taratibu kutoka ukingo huu wa wavu hadi ukingo ule, bila kelele.

Saa saba Kathini alisikia tena ungo. Alitamani kukimbia. Lakini miguu yake ilikuwa imezoea kwenda panapotokea jambo lisiloeleweka na kulipima, ndiyo kazi iliyoilisha, ikampeleka. Alisukuma mlango wa stoo, akamwona Daktari Hillary Maundu, aliyeandika kitabu, aliyewahi kula chakula cha jioni na mawaziri, ameketi sakafuni na suti yake ya kijivu, miguu ameinyoosha mbele kama mama wa Wusi aliyemaliza kulima, trei ya maabara mapajani, anachagua kunde punje kwa punje, anatupa mbovu kushoto na nzima kulia, anaimba chini kwa chini wimbo wa Kidawida, yeye aliyekaa Voi miaka ishirini akijivuna kwamba hajui hata salamu ya watu wale, na nzi mmoja wa kijani, aliyetoroka tundu gani Mungu ndiye ajuaye, ametua kwenye kona ya jicho lake la kushoto, na jicho halikupepesa, nzi akatembea, akageuka, akashusha mkia wake, na pale Kathini akaona kwamba hakuwa wa kwanza, kwamba kwenye kona ile, na kwenye tundu la pua, na pembeni mwa midomo, palikuwa tayari na vitu vyeupe vilivyobanana kama unga wa mahindi uliomwagika, na vitu hivyo alivijua, alikuwa amevihesabu kwa sindano miaka kumi na mmoja, na alijua pia kwamba nzi huyu hana makosa ya kibinadamu, hatagi kwa mtu aliye hai anayeweza kuinua mkono.

"Karibu," Daktari akasema kwa sauti yake mwenyewe, ila ya upole. "Crispus amechelewa leo."

Kathini hakukumbuka alivyofika nje. Rachel alimkuta ameshikilia nguzo ya duka la simiti.

"Tumwite padre? Tumwite mganga? Kuna mmoja Maungu..."

"Wa Maungu atachukua mbuzi na kusema ni wivu wa shangazi," Rachel alijibu kwa dharau. "Wacha. Alitafuta mwili, akafunguliwa mlango. Imebaki siku moja. Mwache mwenzetu ale siku yake."

Jumatano saa nne asubuhi Daktari Maundu aliapa mbele ya jaji. Mahakama ilijaa, na Kathini alikuwa benchi la tatu, Rachel ubavuni pake. Alisubiri mtu apige kelele. Hakuna aliyepiga. Shahidi alikuwa wa rangi ya majivu, alinuka manukato na kitu kingine chini ya manukato, alisema bila kusogeza uso, hakumtazama aliyemuuliza, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu, maana ndivyo alivyokuwa mahakamani siku zote. Watu walimwogopa kiasi cha kutomtazama. Mkubwa akishaoza, wadogo husema ndiyo harufu ya ukubwa.

"Daktari, una hakika kwamba marehemu alikufa Jumatatu?" aliuliza kiongozi wa mashtaka.

"Karatasi inasema Jumatatu."

"Kwa mujibu wa utaalamu wako?"

"Karatasi inasema Jumatatu."

Wakati huo Crispus alikuwa kizimbani, amekonda, koti la rumande likimning'inia. Shahidi aligeuza kichwa akamtazama. Akaweka mkono kiunoni. Akasema sentensi moja ya Kidawida, fupi, ya kawaida, ambayo karani hakuiandika kwa kuwa hakuijua. Crispus alishika nondo za kizimba kwa mikono miwili na machozi yakamwagika bila sauti.

"Amesema nini?" Kathini alinong'ona.

Rachel naye alikuwa akilia. "Amemwambia asile mboga iliyobaki kwenye sufuria. Ni ya Jumamosi, imechacha."

Saa saba kasorobo shahidi aliruhusiwa kuondoka. Alitembea peke yake kwenye jua mpaka maabara, akaingia ofisini, akafunga mlango. Siku ya hukumu ikapangwa wiki inayofuata, na watu wenye akili walikuwa tayari wanajua itakavyokuwa.

Alhamisi asubuhi Rachel alikwenda kufagia, akarudi akikimbia na magoti yake mabovu. Maundu alikuwa kitini, kidevu kifuani. Polisi walikuja, wakatoka, wakatapika nyuma ya duka la simiti. Kisha mkubwa wao akasema kinachosemwa siku zote: waitwe wataalamu wa wadudu. Wakakumbuka kwamba mtaalamu ndiye huyo kitini. Wakamgeukia Kathini.

Alifanya kazi ile kama inavyotakiwa kufanywa. Alichukua mabuu makubwa kuliko yote, akayachemsha, akayapima. Akatundika kipimajoto ofisini, mahali penyewe. Hakutumia joto la juu ya paa. Akatumia kanuni iliyokuwa kwenye fremu, mstari kwa mstari, mara tatu, kila mara akiomba itoke vingine.

"Jumatatu," akamwambia yule polisi. "Saa saba mchana."

"Madam, acha mchezo. Jana alikuwa kortini. Andika Jumatano jioni, tuende nyumbani."

"Mabuu ya Jumatano jioni hayangefika hata nusu punje ya mchele. Njoo uyatazame haya."

"Nani atakuuliza? Andika tu Jumatano."

Hapo Kathini alihisi kitu kinachemka kifuani, na kilikuwa dharau, dharau tupu, kwa polisi huyu mvivu, kwa maiti ile kitini, na zaidi ya wote kwa mwanamke mmoja aliyekuwa amewakatia nzi maini miezi kumi na mitano huku karatasi ya kweli imelala kwenye faili. "Mimi nilishanyamaza mara moja," akasema. Akaandika Jumatatu, akatia sahihi, na pamoja na ripoti hiyo akabana ile karatasi ya Wusi. Nakala moja akampelekea wakili wa Crispus kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya hukumu jaji hakusoma hukumu. Alimwita Kathini kizimbani. Mama jaji alikuwa na ripoti mbili mbele yake na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Unaniambia Daktari Maundu alikufa Jumatatu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Jumatano nilimsikiliza mimi mwenyewe. Alisimama hapo uliposimama."

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikuwepo."

Kiongozi wa mashtaka aliruka juu. "Mheshimiwa, huu ni upuuzi! Hesabu za namna hii haziwezi kuaminiwa na mahakama yoyote!"

"Ni hesabu zake," Kathini alisema. "Kanuni ni ileile iliyomtia Crispus ndani. Mimi nimeweka kipimajoto mahali pake tu."

Jaji alivua miwani, akamgeukia kiongozi wa mashtaka. "Basi uchague," akasema. "Kama kanuni hii ni upuuzi, huna ushahidi wa Jumatatu, na huyu mtu ni huru. Kama kanuni ni sahihi, uliniletea maiti ikaniapia, na huyu mtu ni huru. Unachagua lipi?"

 Yule bwana akatazama kizimba cha mashahidi, mbao zake, mahali mikono ilipokuwa imeshika, akapiga hatua moja nyuma, kisha nyingine. Hakuchagua. Alasiri ile Crispus alitoka mlango wa mbele akiwa na mfuko wa nailoni mkononi, akakaa kwenye ngazi za mahakama akavaa viatu vyake, kwa kuwa alikuwa amesahau jinsi ya kufunga kamba na alitaka kujaribu bila kuharakishwa.

Maundu alizikwa Jumamosi shambani kwao Maungu, kwa heshima zote ambazo hakustahili. Mahema yalikodishwa, na maprofesa watatu walituma salamu. Kathini alimwonyesha kaka wa marehemu, Nzomo, cheti na ripoti, akamwomba sana aandike Jumatatu kwenye msalaba. Nzomo alikuwa na pua ileile ya kucheka.

"Tuseme ndugu yangu aliapa akiwa mzoga? Tuaibishe ukoo kwa hesabu za mlisha nzi? Alipatikana Alhamisi, amekufa Alhamisi."

Wakaandika Alhamisi, kwa rangi nyeusi juu ya mbao nyeupe. Mchungaji akaisoma kwa sauti kubwa, watu wakaitikia amina. Kathini alisimama nyuma ya umati na kichwa chake, bila kuombwa, kikaanza kuhesabu: Jumatatu saa saba mpaka Jumanne, Jumanne mpaka Jumatano, Jumatano mpaka Alhamisi.

Rachel alikuwa amemshika mkono, na alikuwa amefika kwenye jibu kabla yake.

"Siku tatu asizokuwa nazo," Rachel alisema polepole. "Huyu naye ataziishia wapi?"

Kathini alipapasa mkoba wake. Funguo za maabara sasa zilikuwa humo, na Jumatatu alitakiwa kufungua saa mbili.